Ufunguo wa Mita ni Sehemu ya Ufunguo wa Nyumba



Wapenzi wasomaji, juma lililopita, baada ya swala ya Isha, alibisha hodi nyumbani kwetu mama mmoja akiongozana na nduguye. Ni mpangaji wa ghorofa ya tatu katika jengo lisilo mbali na msikiti wetu. Alikuwa amekwisha kununua tokeni kwa simu, tarakimu zote 20 anazo, lakini nyumba yake imo kizani. Mita iko chini, ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, na ufunguo amekwenda nao mwangalizi wa jengo, aliyevuka kwenda Likoni hadi asubuhi. Katika jokofu la mama huyu mlikuwa na dawa ya sukari ya mkwewe, na dawa ile yataka baridi.

Mke wangu aliipokea dawa akaihifadhi kwetu usiku ule. Mgeni wetu akaniuliza: "Sheikh, kodi nimelipa, na umeme nimelipa. Je, sina haki ya kuufikia?"

Nilimjibu kuwa anayo, na leo napenda kueleza kwa nini.

Sisi wa pwani wengi wetu ni wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi. Katika mlango wa ijara, Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaj kuwa ni wajibu wa mwenye nyumba kumkabidhi mpangaji ufunguo wa nyumba. Sababu yake ni wazi. Mpangaji hakununua kuta. Amenunua manufaa ya kukaa, na aliyefungiwa nje hana manufaa. Zama za Imamu hapakuwa na mita. Lakini nyumba ya leo isiyo na taa wala maji haikaliki, na kwa hiyo naona kuwa ufunguo wa kabati la mita unaingia katika hukumu hiyo hiyo. Anayemkabidhi mpangaji mlango na kumnyima mita amekabidhi nusu ya alichokodisha.

Jambo la pili ni mizani. Sura ya 83 ya Qur'ani Tukufu inaanza kwa onyo kali juu ya wanaopunja vipimo, na Nabii Shuaibu alitumwa kwa watu wa Madyan, ambao upunjaji ulikuwa miongoni mwa maovu yao. Mita nayo ni mizani. Yako majengo ambayo bili huja moja kwa mwenye nyumba, naye huigawa kwa mita ndogo alizozitia mwenyewe. Mpangaji huambiwa tu, "Mwezi huu lipa shilingi 2,000," wala hajaonyeshwa namba. Huenda hesabu ni sahihi, lakini mizani iliyofichwa huzaa dhana mbaya hata pale muuzaji alipo mwaminifu.

Katiba yetu ya mwaka 2010 nayo haiko kimya. Kifungu cha 43 kinataja haki ya makao yanayofaa na maji safi, na kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidike na huduma anayoilipia. Tena, mita ya Kenya Power ni mali ya kampuni, si ya mwenye nyumba. Malalamiko juu yake hupelekwa kwanza kwa kampuni, na yasipotatuliwa hupelekwa EPRA, mamlaka inayosimamia kawi nchini.

Asubuhi nilizungumza na mwenye jengo. Aliniambia, "Sheikh, nilitia kufuli kwa sababu mpangaji mmoja alichezea nyaya akaiba stima." Hofu yake ina msingi. Kukwepesha mita au kuvunja muhuri wake ni wizi na ni hatari ya moto kwa jengo zima, na mpangaji afanyaye hivyo amekhini amana. Lakini kosa la mmoja halihalalishi kuwatia kizani jirani zake. Tulikubaliana ufunguo wa pili ukae kwa mama mmoja mtu mzima, mpangaji wa ghorofa ya kwanza, ambaye hata usiku wa manane mwanamke mwenzake aweza kumwendea bila haya.

Hapo ndipo nilipojikumbuka. Mimi pia nina mpangaji, katika vyumba vya chini vya nyumba aliyotuachia marehemu baba, na mita yake imo ndani ya baraza yangu. Miaka yote nilijiona mwema kwa kuwa kila abishaye hodi namfungulia. Sikuwahi kufikiri kwamba mkewe, mumewe anapokuwa safarini, huona aibu kubisha mlango wa mwanamume usiku, na huenda akalala kizani na watoto. Juma hili nimempa mkewe ufunguo, na fundi ameahidi kuihamishia mita hiyo upande wao.

Basi, ndugu zangu, siku ya kuingia nyumba, mpangaji na mwenye nyumba washuke pamoja hadi kwenye mita. Waandike namba yake na kipimo kilichopo, na kila mmoja apige picha kwa simu. Kama ni mita ndogo, wakubaliane bei ya kila yuniti kwa maandishi, na kila mwezi wasome pamoja: kama ilikuwa 1,240 na sasa ni 1,285, basi ni yuniti 45 na hapana ubishi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inatuamrisha kuandika deni. Na kama mita ndogo imo ndani kwa mpangaji, mwenye nyumba naye apige hodi na angoje idhini. Nyumba ikishakodishwa ina sitara ya wanaokaa.

Mwenyezi Mungu atujaalie majumba yenye nuru na mizani zilizo wazi. Wabillahi tawfiq.