Msituambie ni uzee

Mzee wa Issenye, hapa Serengeti, akiacha kula, akikesha kucha, akikataa hata kwenda zizini kuangalia ng'ombe wake, ukoo mzima una jibu moja: ni uzee. Jirani ataongeza kwamba amerogwa. Tukimfikisha kliniki, atapimwa presha na sukari, ataandikiwa metformini ya kushusha sukari, kisha ataitwa mwingine. Hakuna anayemuuliza kwa nini amechoka kuishi.

Hii ni sonona. Ni ugonjwa, na unatibika. Tena hauishii kichwani. Msongo wa muda mrefu unaoandamana nayo huupandishia mwili homoni ya kotisoli. Sukari huongezeka kwenye damu, mafuta hujazana tumboni, insulini huzidiwa. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa wenye sonona wana hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili kwa takribani asilimia 60 zaidi ya wengine. Geuza upande wa pili: uchambuzi wa mwaka 2001 ulikuta kisukari kinakaribia kuongeza maradufu uwezekano wa kupata sonona. Sasa tunatibu nini tunapomkabidhi vidonge mtu asiye na hamu hata ya kuvimeza?

Na hapa kwetu sababu za huzuni hazitafutwi kwa tochi. Vijana wamekwenda Mwanza na Arusha, wengine wako kwenye hoteli za watalii. Bibi amebaki na wajukuu, usiku anawaza tembo wasije wakamaliza mahindi. Kusonga ugali wa ulezi kunataka nguvu na kunataka watu wa kula nao. Mtu mnyonge hujikorogea chai ya sukari tele, akala andazi, akalala. Halafu tunamgombeza kwamba hafuati masharti ya kisukari!

Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu mwaka 2003. Mzee wa miaka 60 asiye na uwezo anastahili kutibiwa bure, na hospitalini kuna mabango ya kutaka mzee apishwe kwanza. Vizuri. Lakini kumpisha mzee kwenye foleni halafu usimsikilize ni adabu nusu.

Nisieleweke kwamba nataka kila mzee apewe amitriptilini, dawa ya sonona. Dawa hiyo, inayopatikana kirahisi, huweza kuongeza uzito na kumfanya mzee aone kizunguzungu anaposimama. Kumpa mwenye kisukari bila kumfuatilia ni kumtoa shimo hili na kumtia lile. Zimbabwe walianza kwingine: mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha mabibi wa Mbare, Harare, kukaa kwenye benchi na wagonjwa na kuwasaidia kutatua matatizo yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha kuwa dalili za sonona zilipungua. Mabibi wenye busara Issenye hatuna?

Halmashauri ya Serengeti, anzeni na maswali mawili kwa kila mzee anayekuja kupima sukari: katika wiki mbili zilizopita, umekosa hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda? Umejiona mnyonge, au umekata tamaa? Hayataki mashine wala umeme. Akijibu ndiyo, asirudishwe nyumbani na metformini peke yake. Nawe kijana uliyeko Mwanza, pesa unazotuma tunazishukuru. Mpigie mama simu leo, umuulize analalaje, kisha unyamaze umsikilize.