Jumba Lililolipwa kwa Ardhi

Kila jimbo la Marekani lina jumba lake la baraza, ambamo wajumbe hukutana kutunga sheria. Lile la Texas, lililoko katika mji wa Austin, lina habari ya peke yake, kwa maana wajenzi wake walilipwa ardhi badala ya fedha. Katiba ya mwaka 1876 iliruhusu ardhi ya jimbo itengwe kwa kazi hiyo, na mwaka 1882 matajiri wa Chicago walishika mkataba wa kulijenga, ujira wao ukiwa eka 3,000,000. Mkulima ajuaye jasho la eka kumi na aisome hesabu hiyo mara mbili.

Texas ilikuwa na ardhi tele na hazina nyembamba. Tena jumba lililotangulia liliteketea kwa moto tarehe 9 Novemba, 1881, hata kazi haikuweza kungoja. Ardhi iliyotolewa ilikuwa kaskazini-magharibi, ukanda wa maili 200 hivi kando ya mpaka wa New Mexico, nayo ilihesabiwa kuwa nchi tupu. Utupu huo ulikuwa na sababu yake. Watu wa kabila la Comanche na la Kiowa, waliokuwa wakiwinda nyati katika nyika zile, walishindwa vitani na kuhamishwa katika miaka ya 1874 na 1875. Wao hawakuulizwa neno juu ya biashara hiyo.

Ramani ya jumba ilichorwa na Elijah Myers, ambaye pia alichora majumba ya baraza ya Michigan na Colorado. Kwanza ilikusudiwa kutumia mawe ya chokaa yaliyochimbwa karibu na Austin, lakini yalionekana kuwa na chuma ndani yake, na yakipigwa na hewa hutoa madoa ya kutu. Ndipo wenye kilima cha graniti nyekundu katika wilaya ya Burnet walipolitoa jiwe lao bure.

Jiwe lilikuwa la bure; kazi ya kulichimba haikuwa rahisi. Reli ilitandikwa hata kilimani, na serikali ikakodisha mamia ya wafungwa kwa kontrakta, Gustav Wilke, ili wapasue mwamba. Chama cha wachonga mawe kiliona kuwa ujira wa mtu huru hauwezi kushindana na kazi ya mfungwa, kikawakataza wanachama wake wasimfanyie kazi. Wilke akaagiza mafundi kutoka Aberdeen katika Scotland, na 62 wakafika Texas. Lakini sheria mpya ya mwaka 1885 ilikataza kuleta wafanya kazi wa nchi za nje kwa mkataba. Alitozwa faini ya dola 64,000, kisha ikapunguzwa hata dola 8,000. Wafungwa hawakuwa na chama cha kuwasemea.

Jumba lilizinduliwa Mei 1888. Lina umbo la msalaba, na katikati yake kuna kuba refu kupita lile la Washington. Atazamaye kutoka chini hudhani kuba hilo ni la mawe, kumbe ni la chuma, kwa kuwa mawe yangalikuwa ghali mno. Siku za sherehe mvua ilinyesha na paa likavuja, na serikali haikulipokea jumba hata Desemba.

Kule kaskazini matajiri walichanga fedha Uingereza, wakazungusha seng'enge, wakafuga ng'ombe wapatao 150,000 katika shamba lililoitwa XIT. Ng'ombe peke yao hawakuwatosheleza wenye fedha. Tangu mwaka 1901 ardhi ilianza kuuzwa kwa mapande makubwa, na baadaye kwa wakulima wadogo. Na ng'ombe wa mwisho wa XIT waliuzwa mwaka 1912.