Mtoto na Ahame na Chandarua Chake

Yako mambo tuliyozoea kuyaita madogo kwa kuwa hutendeka usiku, ndani ya nyumba, bila ya shahidi. Mojawapo ni hili la kumtoa mtoto mdogo katika susu au kitanda cha mamaye na kumpa malazi mengine. Watu hudhani kuwa ni kazi ya mama peke yake, kazi ya jioni moja. Sisi twasema sivyo.

Itazameni desturi yenyewe. Mama amejifungua, na mchanga ameshika nafasi. Yule wa miaka miwili, aliyelala jana chini ya chandarua ubavuni mwa mamaye, leo yuko mkekani na kaka zake. Ziwa amelikosa, kitanda amekikosa, na chandarua amekikosa pia. Akilia usiku, huambiwa ana wivu!

Je, hili ni dogo? Waulizeni watu wa Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, wanaoijua malaria. Huko Muleba mbu wamekwisha kuizoea dawa ya vyandarua vya kawaida. Mwaka 2015 wataalamu waligawa vyandarua vya namna mbili: vya kawaida, na vingine vyenye dawa ya ziada iitwayo PBO, inayovunja ukaidi wa mbu. Baada ya miezi 9 wakawapima watoto wa miezi 6 hadi miaka 14. Waliopewa vya kawaida, 42 katika kila 100 walikutwa na malaria. Waliopewa vile vya PBO, 29. Lakini sikilizeni na la pili. Baada ya mwaka mmoja, watu 77 katika 100 walisema wanalala chini ya chandarua. Mwaka wa pili wakabaki 59. Iwe ni kwa kuchakaa au kwa kupuuza, chandarua hakimkingi aliye nje yake.

Wako watakaosema: "Chandarua ni kimoja, tufanyeje?" Nasi twawauliza: kile kinachotolewa kliniki mtoto anapochanjwa surua, akiwa na miezi 9, kilitolewa kwa ajili ya nani? Ikiwa baba ndiye alalaye ndani yake, na mwenyewe yuko mkekani, basi baba amelalia haki ya mwanawe. Na aliyekipeleka kuvulia dagaa au kuzungushia vifaranga, amana ya mtoto ameitia wapi?

Wengine huishika dini upande mmoja. Husema Mtume (S.A.W.) ameamrisha watoto watenganishwe malazi wafikapo miaka 10, basi kabla ya hapo na walale popote. Hiyo ni hoja ya mvivu. Amri ya kuwatenganisha wakubwa si ruhusa ya kuwatupa wadogo. Katika Sura ya Al-Baqara, hata kumwachisha mtoto ziwa kabla ya kutimia miaka miwili kumefungwa na ridhaa na mashauriano ya wazazi wote wawili. Ikiwa ziwa lataka shauri la baba, kwa nini kitanda kisitake?

Basi baba na akae na mama miezi kadhaa kabla ya mtoto mpya kuzaliwa, ili mkubwa asione kuwa amefukuzwa na mdogo. Kwanza kitundikwe chandarua, kisha yatandikwe malazi. Asiye na kitanda asijitetee kwa umaskini: hata mkeka hufunikwa, kamba nne zikifungwa juu na pindo zikachomekwa chini ya mkeka. Kitanda kiwe kifupi, na kibatari kiwe mbali. Na mwenye kitanda cha vizuizi asingoje sana: mtoto akifikia urefu wa sentimita 90 hivi, au akianza kuviparamia, vizuizi hivyo ndivyo vitakavyomwangusha.

Msomaji wa Tanga au Mombasa asiseme kuwa haya ni ya Wahaya. Mbu hana kabila. Leo usiku, baada ya sala ya Isha, chukua taa upite vyumbani mwako. Hesabu vyandarua, kisha hesabu watu. Ukimkuta aliye nje ni yule asiyeweza kujisemea, usilale mpaka umemwingiza.