Akili Hupimwa kwa Maneno

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mjomba wangu aliporejea kutoka Somalia na kustaafu jeshini, alinyamaza kwa miaka mitatu, hadi siku tairi la matatu lilipopasuka sokoni akajitupa kifudifudi kati ya mafungu ya nyanya. Ndipo tulipompeleka kupimwa.

Daktari, kijana mwenye heshima zake, alikuwa na hojaji ya Kiingereza ambayo aliitafsiri papo hapo. Akauliza, "Mzee, unapata kumbukumbu zinazojirudia?" Mjomba akajibu kwa fahari kwamba kumbukumbu zake ni nzuri mno, majina ya wenzake wote wa kombania angali anayajua. Daktari akatia alama penye "la". Usiku uo huo mjomba alimwambia mama kwamba wafu humjia hata akiwa macho.

Wasomi wenzangu, mguu uliovunjika huonekana kwenye eksirei, na sukari hupimwa katika damu. Kidonda cha akili hupimwa kwa swali na jibu, yaani kwa lugha. Maveterani wa Marekani waliotoka Vietnam walilijua hili. Walipaza sauti miaka mingi hadi mwaka wa 1980, chama cha madaktari wa akili wa nchi hiyo kilipoingiza maradhi ya kiwewe katika mwongozo wake. Jina lilipopatikana, madai ya matibabu na fidia yakapata pa kushika.

Nasi je? Majeshi yetu yaliingia Somalia Oktoba 2011. Msiba wa El Adde ukafuata Januari 2016. Mwaka wa 2022 Kenya ilipata sheria ya wanajeshi wastaafu, hatua njema, ila sheria haimfundishi daktari kuuliza. Kinachonikera zaidi ni kwamba jeshi ni miongoni mwa vyombo vilivyokieneza Kiswahili tangu enzi za King's African Rifles. Askari hutaniana na kuomboleza kwa lugha hii, kisha akili yake hupimwa kwa nyingine.

Nitaambiwa kuwa tatizo kubwa ni uhaba wa wataalamu wa akili, wala si msamiati. Nakubali nusu. Nitaambiwa pia kuwa hojaji ya sonona yenye maswali 9 ina tafsiri ya Kiswahili. Ni kweli, lakini "sonona" mjomba hajapata kulitamka. Yeye husema kichwa kimejaa watu. Tena kuna kiwewe, kihoro, jitimai, jinamizi. Kuweweseka, kwa mfano, ni kwa aliyelala, ilhali mjomba huwaona wafu wake mchana. Mipaka ya maneno kama haya sisi ndio tunaoisomea.

Napendekeza chama chetu kiiendee idara ya tiba ya akili, kisha wanafunzi waketi na wastaafu na kukusanya kauli zao jinsi wanavyozisema wenyewe. Mjomba amekubali kuwa wa kwanza. Sharti lake ni moja tu: asije mtu na karatasi ya kutia alama.