Mfuko huanza kufa kitakoni



Wiki hii tunajibu ulizo la kikundi kimoja cha ushonaji. Vijana wanaobeba mifuko ya wachezaji wa golf wamewaletea mifuko iliyotoboka chini. Wamama wanauliza: tuikubali kazi hii? Na kama tunaikubali, tutengeneze kitako cha namna gani ambacho hakitarudi mikononi mwetu baada ya mwezi mmoja?

Wengi wetu katika Lubumbashi tunalijua neno Golf kama jina la mtaa, tena mchezo wenyewe hatujawahi kuuona. Hilo si kizuizi. Anayeshona mfuko hahitaji kujua kucheza. Anahitaji kujua mfuko unabeba nini na unaumia wapi. Na ukijua vizuri kitako cha mfuko wa golf, utajua pia kitako cha mfuko wa masomo, ambao kila mama hapa anaununua mwezi wa Septemba na wengine wanaununua tena kabla ya Pasaka. Kwa sababu hiyo jibu letu ni kwa kila nyumba, si kwa kikundi kile tu.

Tuanze na hesabu, kama kalasini.

Sheria za golf zinamruhusu mchezaji kubeba fimbo 14, si zaidi. Fimbo moja ina uzito wa karibu gramu 400. Mara 14, tunapata kilo 5 na nusu hivi. Si uzito mkubwa. Mtoto wa miaka kumi anabeba maji kuliko hayo. Lakini angalieni namna uzito huo unavyokaa. Fimbo zinaingia mfukoni kichwa juu, mkono chini. Kila fimbo inasimama juu ya ncha ya mkono wake, na ncha hiyo si pana kuliko sarafu. Basi kilo 5 na nusu hazikai juu ya kitako chote. Zinakaa juu ya vidoti 14.

Hesabu ya pili. Uwanja kamili una matundu 18. Mchezaji hodari anamaliza kwa mapigo 72 hivi, na kwa kawaida mawili ya kila tundu ni ya kusukuma mpira polepole pale karibu na tundu. Ondoeni hayo 36, yanabaki mapigo 36 ya mbali. Kila pigo la mbali, mfuko unatuliwa chini. Tena unatuliwa mara moja karibu na kila tundu, yaani mara 18. Jumla ni mara 54 kwa mzunguko mmoja, na huyo ni hodari. Asiye hodari atautua mara nyingi zaidi. Kati ya kutua na kutua, kijana anatembea, na kwa kila hatua fimbo zinaruka kidogo na kugonga kitako kutoka ndani.

Sasa tunajua maadui. Wa kwanza ni kugongwa kutoka ndani. Wa pili ni kusuguliwa kutoka nje, kwenye mchanga, saruji na udongo wetu mwekundu wenye vijiwe. Wa tatu ni maji: kuanzia mwezi wa Novemba hadi Machi mfuko unatuliwa kwenye majani yaliyolowa, na maji yakiingia ndani hayana pa kutokea. Wa nne ni mshono. Mara nyingi kitambaa cha kitako kinaungana na kitambaa cha ubavu pale pale kwenye ukingo unaogusa udongo. Uzi unasuguliwa kila siku na uzito wote unaning'inia juu yake. Uzi ukikatika hapo, kitako kinafunguka kama mdomo.

Ndiyo maana kiraka hakisaidii. Tukishona kitambaa kipya juu ya tundu, tumeleta kitambaa kingine mbele ya maadui wale wale wanne, na mshono tumeuacha pale pale ulipokufa wa kwanza. Kazi nzuri ni kufikiri kama fundi wa viatu. Mguu hautembei juu ya ngozi yake; unavaa kiatu, na kiatu kikichakaa kinabadilishwa, mguu unabaki. Mfuko nao uvae kiatu.

Vitu vinavyohitajika vinapatikana mjini kwetu, na vingi vyao vimekwisha kutupwa: bidoni la plastiki la litri 20, mpira wa ndani wa gurudumu la lori, kipande cha mpira wa nje wa gurudumu la motokari, kandambili za zamani, uzi wa nailoni wa kushonea nyavu, kipande cha bujia, na buloni fupi tatu pamoja na rondeli zake, vile visahani vya chuma vyenye tundu katikati. Vya kununua ni uzi na buloni. Mtu akiwauzia mpira au mkanda wa mashine uliotoka kwenye migodi, ulizeni umetoka kwa nani. Kikundi hakitaki kushona kwa mali ya wizi.

Kazi inakwenda hivi.

Kwanza, angalieni kama mfuko una miguu miwili inayofunguka wakati unapoinamishwa. Mifuko ya namna hiyo ina kitako kinachocheza, nacho ndicho kinachosukuma miguu. Mkikishona kikakazana, miguu haitafunguka tena. Mfuko huo urudisheni, au utengenezeni mbele ya mwenye kuujua. Mfuko usio na miguu ndio wa kuanzia.

Pili, kateni visahani viwili katika upande mpana wa bidoni, kwa umbo la kitako. Kimoja kitakaa ndani ya mfuko, kingine nje, na kitambaa cha zamani kitabanwa katikati. Kile cha ndani kinachukua vile vidoti 14 na kuvieneza juu ya kitako chote. Laini ukingo kwa msasa, maana plastiki iliyokatwa ni kali na itakula kitambaa kama kisu. Tobolea matundu manne madogo ya kutolea maji, kwa msumari uliopashwa moto. Fanyeni hivyo nje ya nyumba, mbali na watoto. Moshi wake si mzuri.

Tatu, kateni ukanda wa mpira wa ndani wa lori wenye upana wa sentimita 11. Urefu wake pimeni kwa kamba kuzunguka kitako, kisha ongezeni sentimita 3 za kupandisha. Kama kitako ni duara, zidisheni upana wake kwa 3,14: kitako cha sentimita 24 kinazungukwa na sentimita 75 na kitu, pamoja na za kupandisha, kateni 79. Sentimita 8 za ukanda zinapanda juu ya ubavu wa mfuko. Sentimita 3 zinakunjwa chini ya kitako. Zichaneni hapa na pale ili zilale bila kujikunja. Hapo mpira unachukua kazi ya ule mshono wa zamani, nao hauogopi maji.

Nne, shoneni ukanda juu ya ubavu kwa mistari miwili, mmoja sentimita 1 kutoka ukingo wa juu, mwingine chini yake kidogo. Angalieni faida yake: mshono sasa uko sentimita 6 au 7 juu ya udongo, hakuna kinachousugua. Tumieni sindano mbili kwa uzi mmoja, kila tundu likipitwa na sindano mbili kutoka pande mbili. Uzi ukikatika upande mmoja, wa upande wa pili unashika. Matundu yaachane kwa sentimita 1. Msiyasogeze zaidi mkidhani mnaongeza nguvu. Matundu yaliyokaribiana sana yanafanya kama karatasi ya stempu, yanaonyesha mpira mahali pa kuchanika. Uzi upakwe bujia kabla ya kushona, na fundo lichomwe kidogo kwa kiberiti ili lisifunguke. Uzi wa pamba usitumike. Unaoza.

Tano, kateni miguu mitatu midogo katika ubavu wa mpira wa motokari, kila mmoja mkubwa kama sanduku la kiberiti. Sehemu ya katikati inayokanyaga barabara mara nyingi ina nyuzi za chuma ndani. Iacheni, itawakata mikono na kuharibu kisu. Tunasema mitatu kwa sababu kitu chenye miguu mitatu hakiyumbi hata mahali pasipo sawa. Mama anayepika juu ya mafiga anajua. Kila mguu unafungwa kwa buloni inayopita mguu, kisahani cha nje, mpira uliokunjwa, kitambaa, na kisahani cha ndani. Kwa hiyo miguu iwekwe karibu na ukingo, pale mpira uliokunjwa ulipo. Kichwa cha buloni kikae ndani, na rondeli pande zote mbili.

Mwisho, ndani kabisa, juu ya vichwa vya buloni, lazeni kipande kilichokatwa katika kandambili, chenye matundu yale yale manne. Hicho kinapokea magongo na kulinda mikono ya fimbo.

Mtaona hatukutaja gundi. Plastiki ya bidoni haishikwi na gundi ya kawaida. Inaonekana imeshika leo, kesho inabanduka kama ganda la ndizi. Ishoneni au ifungeni kwa buloni. Wala msiweke ubao mwembamba au katoni. Ubao wa namna hiyo ukilowa unavimba na kuachana, na katoni inakuwa uji.

Kisha jaribuni kabla ya kurudisha. Jazeni mfuko mchanga wa kilo 11, mara mbili ya uzito wa fimbo, ukiwa umefungwa katika mifuko midogo. Inueni kwa mkanda wake, angusheni kutoka urefu wa goti, mara 54. Huo ni mzunguko mmoja wa uwanja wenye uzito mara mbili. Angalieni mshono wote. Mwageni maji kikombe kimoja ndani muone kama yanatoka. Fundi anayejaribu kazi yake mwenyewe hasubiri kuambiwa na mteja.

Sasa twende kwa mfuko wa masomo, ambao ndio unaotuuma sisi walimu. Tunawaona watoto wanaokuja mwezi wa pili, mvua bado ni kali, makaye yamefungwa katika sasheti kwa sababu mfuko umefunguka chini. Kaye ikianguka ndani ya matope, mtoto anapoteza masomo ya miezi mitano, na mama hana pesa ya kaye nyingine wala ya mfuko mwingine. Mwaka wa masomo unamalizika mwezi wa Juni au Julai. Mfuko uliokufa Februari umefanya nusu ya kazi yake.

Kwa mfuko huo hamhitaji buloni. Kateni kipande kimoja cha bidoni, kidogo kuliko kitako kwa sentimita 1 kila upande, na pembe zake zizungushwe zisichome kitambaa. Kiwekwe ndani. Nje, ukanda wa mpira wa ndani unaopanda sentimita 5 na kukunjwa chini, mistari miwili ya mshono, basi. Kazi hiyo ifanyike mfuko ukiwa mpya, wiki ile mlioununua, si siku ulipotoboka. Na mnapokuwa sokoni, msiangalie picha za mbele kwanza. Geuzeni mfuko, bonyezeni kitako kwa kidole gumba. Kikilia kama karatasi, ndani kuna katoni.

Tunarudi kwa ulizo la kikundi: waikubali kazi? Ndiyo, kwa masharti matatu. Waanze na mfuko mmoja, waulize kijana baada ya wiki nne umekaa namna gani, ndipo wapokee mingine. Wapokee mfuko mtupu, bila fimbo, na waandike kwenye karatasi hali yake mbele ya aliyeuleta. Fimbo zile zina bei kubwa, na ikipotea moja, likelemba yote ya kikundi haitatosha kuilipa. Na bei yao ihesabu saa za kazi, si uzi na buloni tu. Vitu vya bure havifanyi mikono iwe ya bure. Waseme pia bei mbili: ya kiatu kizima, na ile ndogo ya kubadilisha miguu mitatu tu. Miguu itachakaa kabla ya vyote, nasi tumeiweka ili ichakae yenyewe. Mteja atarudi kwa furaha kwa kazi ndogo, maana mfuko wake bado mzima.

Kwa wiki inayokuja, kila mama ageuze mfuko wa mtoto wake na kuangalia kitako. Mkiona uzi umeanza kutoa ndevu pale ukingoni, msingoje. Bidoni lililotoboka liko nyuma ya nyumba.