Magenge ya Bukoba Nayo Yatathminiwe

Urithi wa kijiolojia ni miamba, mabonde, majivu ya volkeno na visukuku vinavyoonyesha jinsi ardhi ilivyoundwa. Anayeutathmini hutazama eneo lina nini kisichopatikana kwingine, limesalia katika hali gani, linafundisha nini, na nini kinaweza kuliharibu. Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, maana jabali likishavunjwa halirudi tena.

Mfano mkubwa nchini Tanzania uko kwenye milima na nyanda kame za kaskazini. Aprili 2018 UNESCO iliitambua Jiopaki (hifadhi ya urithi wa kijiolojia) ya Ngorongoro-Lengai, ya kwanza kusini mwa Sahara. Humo, karibu na Bonde la Olduvai, tuta la mchanga mweusi wa majivu ya volkeno husukumwa na upepo mwaka hadi mwaka, na vigingi vyenye tarehe huonyesha lilikopita. Tuta kama hilo huhifadhiwa kwa kuachiwa njia.

Nyayo za wahenga wa binadamu huko Laetoli, katika jiopaki hiyohiyo, zenye umri wa miaka milioni 3.6, zilihitaji kinyume chake. Zilipochimbuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 zilifukiwa, lakini migunga ikaota juu yake na mizizi ikaanza kupenya. Katikati ya miaka ya 1990 Idara ya Mambo ya Kale na Taasisi ya Uhifadhi ya Getty ziliondoa miti hiyo, zikafukia upya kwa vitambaa maalumu vya kuzuia mizizi. Wageni wengi wangependa kuziona. Hata hivyo, kuzifukia ulikuwa uamuzi sahihi.

Mkoani Kagera, uliko mji wa Bukoba, hakuna jangwa, ila mawe yake yana hadhi. Wanajiolojia walitumia jina la Bukoba kuita miamba ya kale, mingi ikiwa ya mchanga, inayoenea hadi upande wa Kigoma. Magenge ya miamba hiyo yanaonekana kando ya ziwa na kwenye matuta ya Bukoba na Muleba. Mto Kagera nao ulielekea magharibi zamani, mpaka ardhi ya huko ilipoinuka, maji yakageuka na kusaidia kulijaza Ziwa Victoria. Huko Bwanjai michoro myekundu ya kale iko kwenye kuta za mawe. Ukuta ukibomoka, mchoro umekwenda.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda zaidi kazi za mikono ya watu, hasa za kabla ya 1863, pamoja na visukuku. Genge lisilo na mchoro linahitaji tangazo rasmi ili lilindwe. Hilo linawezekana: Kimondo cha Mbozi, jiwe lililotoka angani, kinalindwa hivyo tangu 1967.

Kwa hiyo Manispaa ya Bukoba na Halmashauri ya Muleba zinapaswa kuorodhesha magenge yao mapema, na orodha iwe mezani kabla leseni ya machimbo haijatolewa. Kata ya Rwamishenye mjini Bukoba inapanuka, na kila msingi wa nyumba unataka mawe. Wavunja kokoto wanalisha familia kwa kazi hiyo, hivyo orodha itaje pia mahali ambapo mwamba ni wa kawaida, wachimbe bila kufukuzwa.