TAHARIRI: Kijana wa Ngungu anaweza kujifunza kutengeneza tovuti, lakini asidanganywe

Kuna wanaosema kwamba kutengeneza tovuti ni kazi ya watoto wa Kinshasa, au wa Goma kwa uchache. Hatukubaliani nao. Hatukubaliani pia na wale wanaowaambia vijana kwamba wiki mbili zinatosha, kisha dola zitaanza kuingia kwenye simu. Kwa kijana wa Ngungu, kusini mwa teritwari ya Masisi, maneno yote mawili ni hatari. La kwanza linamvunja moyo kabla hajaanza. La pili linamla pesa ambayo mama yake alipata kwa kuuza viazi.

Wauza mafunzo hawapendi kusema kwamba ukurasa wa intaneti ni maandishi tu. Lugha ya kwanza, HTML, ilibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee alipokuwa akifanya kazi CERN, Uswisi, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Inaeleza tu kwamba hiki ni kichwa, hii ni aya, hii ni picha. CSS inaweka rangi na mpangilio. JavaScript, iliyotengenezwa mwaka 1995, ndiyo inayofanya ukurasa uhesabu, uulize na ujibu. Mtu aanze na ya kwanza na akae nayo wiki kadhaa. Wanaorukia ya tatu kwa sababu ndiyo yenye sifa, mara nyingi huacha yote.

Na mwanzo huo hauhitaji mega kila siku. Mwenye simu ya Android anaweza kupakua Acode, programu ya bure, siku akiwa mahali penye mtandao mzuri. Baada ya hapo anaandika faili, anaipa jina index.html, anaifungua na kuona kazi yake hata kama antena imezimika. CSS aiweke kwanza ndani ya faili ileile, asihangaike na mafaili mengi. Masomo nayo yanabebeka: Kiwix inayahifadhi ndani ya simu au kadi ya memori yasomwe bila intaneti, na mtu mmoja aliyeshuka Goma anaweza kurudi nayo kwa ajili ya kundi zima.

Lugha isiwe kisingizio. freeCodeCamp, iliyoanzishwa mwaka 2014, inafundisha bure, na sehemu ya masomo yake imetafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa Kifaransa kuna OpenClassrooms, na chanzo chake kinafaa kusimuliwa. Mwaka 1999 mtoto Mfaransa wa miaka 13, Mathieu Nebra, alichoshwa na vitabu vya HTML vilivyoandikwa kana kwamba msomaji anajua tayari. Akaanzisha tovuti yake, Site du Zéro, ya kuwaeleza wasiojua chochote. Hakuwa na diploma yoyote.

Umeme, lakini, alikuwa nao. Hapa ndipo hatuwezi kumwachia kijana mzigo wote. Kuchaji simu kwenye paneli ya jirani kunalipiwa. Kioo cha simu ni kidogo, na mapema au baadaye kompyuta itahitajika. Kukisikika risasi, familia inabeba godoro na sufuria, si kompyuta. Na serikali haijawahi kumrahisishia: kuanzia mwisho wa 2018 hadi karibu tarehe 20 Januari 2019 intaneti ilikatwa nchi nzima kwa sababu ya uchaguzi, kisha mwaka 2020 ikaja RAM, dola 7 kwa mwaka zilizokatwa kidogo kidogo kwenye unite za kila mwenye simu ya kisasa, hadi ilipofutwa mwaka 2022.

Wakati huohuo machimbo ya Rubaya hayako mbali. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulisema yanatoa zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia, madini yanayoingia ndani ya simu hizi hizi. Shimo na bunduki humpokea kijana bila kumwomba mega wala diploma.

Tuseme pia kuhusu pesa. Mwishoni mwa Januari 2025 benki za Goma zilifunga milango, na kulipwa na mteja wa Ulaya ni safari ndefu hata kwa aliye fundi. Kazi ya kwanza itafutwe karibu: ukurasa wa bei za viazi, maharagwe na jibini la Masisi kwa wanunuzi wa Goma, au ukurasa wa shule wenye matokeo na karo.

Makampuni ya simu, Vodacom, Airtel na Orange, yanaweza kuacha tovuti za masomo zifunguke bila kukata mega, wakitaka. Shule inayofundisha informatiki kwa chaki, huku kompyuta yake moja imefungiwa ofisini kwa prefe, haina hata kampuni ya kuisubiri. Kompyuta hiyo itafunguliwa lini, saa ngapi, na ufunguo atashika nani?